Kutu Nyekundu, Kutu Nyeusi

Buluu unayoiona kwenye mtutu wa bunduki ya zamani, ile rangi nzito inayoonekana nyeusi kivulini na kugeuka buluu ukiisogeza dirishani, ni kutu. Sisemi kwa mafumbo. Ni chuma kilichoachwa kiliwe na oksijeni kwa makusudi, kikasimamishwa katikati ya safari hiyo, ili utando uliopatikana ulinde chuma kilichobaki chini yake.

Kabla viwanda havijapata njia za haraka, fundi wa bunduki wa Ulaya aliipata rangi hiyo kwa subira ndefu. Aliung'arisha mtutu, akauondolea mafuta yote, na tangu hapo hakuugusa tena kwa mkono mtupu. Kisha akaupaka maji ya tindikali hafifu yaliyoyeyushiwa chuma, akauweka ndani ya kasha lenye joto na unyevu kwa saa kadhaa. Ulipotoka humo ulikuwa umeota kutu nyekundu, laini, iliyotandaa sawasawa kama vumbi la Dodoma juu ya kioo cha basi. Mtu asiyejua angeona kazi imeharibika. Fundi aliutumbukiza kwenye karai refu la maji safi yanayochemka, na kwa dakika chache ule wekundu ukageuka weusi wa mahameli. Akausugua kwa brashi ya nyuzi nyembamba za chuma mpaka unga uliolegea ukadondoka, ukabaki utando wa kijivu usiotosha hata kuitwa rangi. Akaanza upya: tindikali, kasha, maji ya moto, brashi. Mara sita, mara nane, wakati mwingine zaidi, mpaka weusi ukakolea. Katika kiwanda cha serikali cha Enfield, Waingereza waliendelea kuiita kazi hiyo kwa jina la rangi ya kahawia hata pale bunduki zilipokuwa zikitoka nyeusi, kwa sababu mafundi wa zamani walikuwa wakiishia kwenye wekundu bila kuchemsha.

Tofauti ya kutu hizi mbili ndiyo habari yote. Kutu nyekundu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Imevimba, ina vinyweleo, hailishiki vizuri chuma lililo chini yake, na kila tundu lake hunywa unyevu na kuupeleka ndani zaidi. Ndiyo maana kutu nyekundu huzaa kutu nyekundu. Kutu nyeusi, ambayo wanakemia huiita magnetaiti, ni chuma na oksijeni bila maji. Imebanana, inang'ang'ania, na sumaku huivuta. Unene wake kwenye mtutu ni mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una mikroni hamsini na kuendelea. Wala haizuii maji peke yake. Kazi yake kubwa ni kuyashika mafuta yasitiririke, na bunduki yenye buluu isiyopakwa mafuta itaota kutu nyekundu kama panga lililosahaulika shambani, ila kwa kuchelewa kidogo.

Njia nyingine zipo, nazitaja kwa haraka. Chuma kilichong'arishwa kikipashwa moto hadi kukaribia nyuzi 300 za Selsiasi hugeuka buluu chenyewe, na hiyo ndiyo rangi ya mikono ya saa za zamani na ya skrubu ndogo za bunduki. Karne ya 20 ilileta mapipa ya kostiki soda na chumvi za naitreti yanayochemka kwa joto kubwa kuliko maji, ambamo bunduki nzima huzamishwa na kutoka nyeusi kwa muda usiofika saa moja. Ni njia ya viwanda, na haifai kwa kila kitu: mitutu miwili ya bunduki ya kuwindia ndege, iliyounganishwa kwa risasi na bati, huweza kuachana ndani ya pipa hilo.

Sasa fikiria mtu aliyekabidhiwa bunduki ya namna hii ikiwa na madoa machache mekundu. Sisi wa pwani tuna jibu la haraka kwa chuma chochote kilichochafuka. Sinia la shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu, dele la kahawa kwa ukwaju, sufuria kwa mchanga. Tindikali ya ndimu huyeyusha uchafu na shaba inachomoza ikiwaka kama ya jana. Ukiipaka ndimu ile bunduki, madoa yatatoka kweli, na buluu yote iliyoyazunguka itatoka nayo. Siki hufanya hivyo hivyo, na hata dawa za dukani za kuondoa kutu, ambazo nyingi ni tindikali ya fosforasi zilizotiwa rangi ya kuvutia. Tindikali haichagui kati ya kutu na kutu. Kwake yeye zote ni oksidi ya chuma, ile iliyokuja yenyewe kwa umande na ile aliyoihangaikia fundi kwa wiki nzima.

Niliyaona matokeo yake kabla sijajua kemia yake. Kwa muda wa miezi kadhaa nilijitolea katika ghala la makumbusho moja kusini mwa Tanzania, nikiandika orodha ya vitu visivyoonyeshwa kwa umma. Kulikuwa na bunduki mbili zilizolala sambamba kwenye rafu, zote zikiwa na kadi moja iliyopigwa chapa: "Bunduki za Kijerumani, Vita Kuu ya Kwanza." Ya kwanza ilikuwa inang'aa. Miaka mingi nyuma, kabla ya ziara ya mgeni fulani mkubwa, mtu aliagizwa azisafishe, akaanza na hiyo. Aliipiga msasa tangu mdomoni hadi kwenye kifyatulio, kisha akaipaka rangi nyeusi ya kung'aa, ile ya kupakia milango ya geti. Pale penye maandishi ya kiwanda palibaki uwanja laini. Mgeni alifika kabla ya bunduki ya pili kuguswa, na ziara ilipokwisha hakuna aliyeikumbuka. Huo ulikuwa wokovu wake. Ilikuwa na madoa mekundu ubavuni, kutu kama mstari kando ya mbao, na juu ya chumba cha risasi ilikuwa na ukoko mzito kiasi cha kuficha kilicho chini.

Kazi ya kuisafisha ilifanywa na mhifadhi mstaafu aliyekuwa akija siku za Jumanne na Alhamisi, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Mimi nilishika taa na daftari. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kulifungua komeo la bunduki na kutazama ndani, kisha kuingiza kidole kwenye chumba cha risasi ili ahakikishe ni kitupu, ingawa kila mtu mle ndani alijua kwamba bunduki ile haijapigwa kwa miongo mingi na sindano yake ilikwisha kuondolewa. "Bunduki zote zina risasi, mwanangu," aliniambia, "mpaka kidole chako mwenyewe kikuambie hazina."

Jambo la pili lilikuwa kutofanya lolote. Aliipaka mafuta mepesi ya cherehani kwa kitambaa, akayalowesha vizuri yale madoa, akaiacha mpaka Alhamisi. Mafuta hupenya chini ya kutu nyekundu kwa sababu ina vinyweleo, na hulilegeza lile tabaka. Hayawezi kupenya chini ya kutu nyeusi iliyobanana. Kumbe ile tofauti ya kikemia iliyomshinda mwenye ndimu, hapa ilikuwa inafanya kazi upande wetu.

Alhamisi alianza na kitambaa kikavu cha fulana. Nusu ya wekundu ilitoka bila nguvu yoyote. Kilichobaki alikifuata kwa kipande cha stilwaya, lakini ile nyembamba kabisa ambayo maseremala wa fanicha huitumia kumalizia vanishi, siyo ile ngumu ya kusugulia masufuria. Aliichovya kwenye mafuta, akaishika kwa ncha za vidole viwili, akazungusha vijiduara vidogo kwa uzito wa vidole tu. Baada ya mizunguko michache alipangusa. Vumbi la kutu lililolegea ni gumu, na ukiliacha chini ya stilwaya linageuka msasa. Kila alipopangusa aliniinulia kitambaa nitazame. Rangi ya kahawia, endelea. Ikianza kuwa ya kijivu au nyeusi, acha hapo hapo, kwa maana sasa unakula buluu. Sheria yenyewe ilikuwa hiyo tu, na katika siku zote zile nilimwona akiikaribia mara mbili na kurudi nyuma mara mbili.

Ule ukoko wa juu ya chumba cha risasi haukutoka kwa stilwaya. Mwalimu alitoa mfukoni senti tano ya zamani, ile yenye picha ya samaki, akaisimamisha kwa ukingo na kuanza kuisukuma taratibu juu ya kutu iliyolowa mafuta. Sarafu ile ni ya shaba iliyochanganywa na bati. Ni laini kuliko chuma cha bunduki na ni laini kuliko ile kutu nyeusi, kwa hiyo haiwezi kuikwaruza hata ukiteleza, ila ina ugumu wa kutosha kubandua ukoko uliovimba. Magamba yalidondoka juu ya karatasi. Chini yake zikatokea alama: taji, na herufi za jina la mfalme. Siyo Kaisari. Lilikuwa jina la Carlos wa Kwanza, mfalme wa Ureno. Na ubavuni, ambako mwenzake alikuwa ameparuzwa hadi kubaki uso mtupu, kulikuwa na mstari wa maandishi madogo ya Kijerumani yanayotaja kiwanda cha silaha cha Berlin.

Nimeifikiria sana bunduki hiyo tangu siku ile, kwa sababu kadi yake ilikuwa na kosa lenye nusu ya ukweli ndani yake. Mtu wa kwanza kuiandikia kadi lazima aliona neno Berlin kabla kutu haijalifunika, akahitimisha. Ilikuwa ni Mauser-Vergueiro, bunduki ya jeshi la Ureno ya mwaka 1904, iliyotengenezwa na kampuni ya Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken. Ureno ilibuni marekebisho yake na kuagiza Ujerumani. Mwaka 1910 ufalme ukapinduliwa Lisbon, lakini taji likabaki kwenye chuma. Mwaka 1916 Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Ureno, na bunduki za Berlin zikaelekezwa kwa askari wa Berlin kando ya mto Ruvuma.

Ili kuelewa kwa nini bunduki ya Kireno ingeweza kupokelewa kwa furaha katika jeshi la Kijerumani, inabidi turudi nyuma kidogo, kwenye silaha walizokuwa nazo askari wenyewe. Katika miaka ya 1880 makumi ya maelfu ya bunduki yalipita Zanzibar kwenda bara kila mwaka, nyingi zikiwa magobori ya kushindilia baruti mdomoni, mitumba ya majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yamehamia kwenye silaha mpya. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliziba mlango huo kwa namna yake. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, Waafrika wasiuziwe bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu wala zinazopakiwa nyuma. Gobori la gumegume liliruhusiwa. Wapiganaji wa Maji Maji waliingia vitani 1905 wakiwa na mikuki na magobori hayo, na dawa waliyoiamini iliahidi kwamba risasi zingegeuka maji.

Lakini hata askari Mwafrika aliyekuwa upande wa Mjerumani alipewa kilichobaki. Vita ilipoanza Agosti 1914, kombania nyingi za Schutztruppe zilikuwa bado zinabeba Mauser ya mfano wa 1871, bunduki ya milimita 11 yenye baruti nyeusi. Ikipigwa mara moja hutoa wingu jeupe linalomwonyesha adui ulipo. Baruti hiyo huacha ndani ya mtutu masizi yenye chumvi zinazovuta unyevu wa hewa, na katika hewa ya Tanga, ambayo ina chumvi yake yenyewe, bunduki iliyopigwa asubuhi na kutooshwa huwa nyekundu ndani kesho yake. Bunduki za kisasa za baruti isiyo na moshi hazikuwa na nafuu kubwa kama watu wanavyodhani. Fataki za wakati ule zilikuwa na kloreti ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha kloraidi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Askari aliyepaka mafuta bila kuosha alikuwa anaifunika chumvi ndani pamoja na chuma. Jeshi la Uingereza lilikuwa na faneli maalumu ya kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu, kwanza maji, halafu ukausho, halafu mafuta. Maji, adui wa chuma, ndiyo yaliyokuwa dawa ya kwanza.

Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapa Wajerumani bunduki za Waingereza za kutosha kubadilishia silaha kombania tatu, pamoja na rashasha 16 na risasi 600,000. Kisha ikaja meli.

Iliitwa Rubens, ikajifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg. Aprili 1915 ilifika kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki, mamilioni ya risasi, na makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifuata hadi ndani ya ghuba ya Manza. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi na kuiacha sitaha yake ikiwaka moto, na Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Shehena ilikuwa chini ya maji, nzima. Wazamiaji waliitoa kasha kwa kasha.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, ameyasimulia yaliyofuata katika kumbukumbu zake, kwa aya moja tu, na kwangu mimi aya hiyo ina uzito kuliko kurasa zake nyingi za mapigano. Maji ya bahari yalikuwa yameingia kwenye risasi. Baruti na fataki ziliendelea kuharibika kadiri siku zilivyopita, na risasi zilizogoma kulipuka zikazidi. Hapakuwa na jingine ila kuzifungua zote. Kwa miezi kadhaa huko Moshi, askari, wapagazi na kila mtu aliyeweza kupatikana walikaa tangu asubuhi hadi jioni wakibandua risasi kutoka kwenye maganda, wakisafisha baruti, wakibadilisha fataki pale ilipolazimu, na kuzifunga upya. Risasi ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya rashasha. Zile zilizotengenezwa upya zilizogoma kwa kiasi cha asilimia 20 zilipelekwa vitani. Zilizogoma zaidi ya hapo zilitumika kwa mazoezi.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho. Risasi moja kati ya tano ingegoma, na hizo ndizo zilizohesabiwa kuwa nzuri. Askari aliyevuta kifyatulio akasikia mlio mkavu wa sindano alikuwa anasikia bahari ya Manza. Na waliozifunga upya, mikono kwa mamia, hawakuandikwa majina mahali popote ndani ya kitabu hicho. Waliingia kwenye historia kama "watu wengine."

Vitani, buluu haipunguzwi na kutu peke yake. Mwalimu alinionyesha jambo ambalo sasa siachi kulitafuta kila ninapoona bunduki ya zamani. Ile ya Kireno, chini yake, mbele kidogo ya kifyatulio, chuma kilikuwa cheupe. Siyo kwa kutu wala kwa msasa. Mpaka wake na buluu ulikuwa hauna ukingo, rangi ikififia kidogo kidogo kama kitambaa kilichofuliwa sana. Mwalimu aliishika bunduki kwa mkono mmoja mahali hapo hapo, akauachia mkono ulegee ubavuni. Bunduki ikakaa sawasawa bila kulalia mbele wala nyuma. Hapo ndipo ilipo mizani yake, na hapo ndipo mtu anayetembea nayo mbali huishika. Jasho lina chumvi, kiganja kina mchanga, na mwendo ni wa miezi. Pale ambapo hakuna daftari lililotaja jina la aliyeibeba, uweupe ule ni rekodi yake. Ukiizamisha bunduki kwenye buluu mpya, rekodi hiyo inafutika, na ndicho hasa alichofanya yule mwenye msasa kwa ile ya kwanza. Alifuta maandishi ya kiwanda na kiganja cha mtu kwa siku moja.

Kwa hiyo napingana na wanaosema kitu cha makumbusho kirudishwe kilivyotoka kiwandani. Kirudi kwa nani? Komeo la bunduki nyingi za Mauser liliachwa jeupe tangu kiwandani, halikuwahi kuwa na buluu, lakini mafundi wa leo wanaopenda kurembesha hulitia weusi nalo, wakirejesha kitu ambacho hakikuwapo. Waliotangulia pia walikuwa na ugonjwa huo. Wanajeshi wa Uingereza wa karne ya 18 walizisugua bunduki zao kwa unga wa tofali mpaka zimetameta kwa ajili ya gwaride, na kila gwaride lilipunguza chuma.

Tarehe 25 Novemba 1917, jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano. Kamanda wa Wareno, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa siku hiyo. Jioni yake askari wapatao 1,700 waliokuwa wameingia Msumbiji wakiwa karibu wameishiwa walikuwa na mamia ya bunduki za Kireno na kiasi cha risasi 250,000. Bunduki nyingi za zamani za 1871 ziliachwa. Mwaka mmodja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, jeshi hilo lilisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Orodha ya makabidhiano ina askari 1,168, mzinga mmoja wa Kireno, rashasha 37 ambazo 7 tu zilikuwa za Kijerumani, na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Bunduki zilizotolewa baharini Manza kwa taabu yote ile hazimo. Waliozibeba risasi zao hadi huko wamo kama jumla, na wale wa upande wa pili, waliofia katika Carrier Corps, idadi rasmi ya Waingereza inazidi 95,000. Jina la kikosi hicho ndilo tunalolitamka kila siku tukienda Kariakoo, ambako, kwa bahati, nilinunua ile stilwaya nyembamba.

Bunduki anayoijua kila mkazi wa Dar es Salaam ni ile ya Sanamu la Askari, iliyozinduliwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu la Wissmann. Hiyo ni ya shaba. Haitaota kutu nyekundu kamwe.

Jumanne ya mwisho palikuwa bado na kijimstari cha wekundu kando ya mbao, mahali ambapo kitambaa hakifiki bila kuling'oa kitako. Wapo warejeshaji wanaoutoa mtutu mzima na kuuchemsha katika maji yaliyochujwa chumvi. Maji hayo hufanya kile kile yalichofanya kwa fundi wa zamani: wekundu unageuka weusi pale pale ulipo, kisha husuguliwa kidogo, na kutu iliyokuja kuharibu inakuwa sehemu ya buluu. Ni njia nzuri, na Mwalimu aliijua. Lakini skrubu za kitako zilikuwa zimeshikana na chuma, na kuzilazimisha kungevunja vichwa vyake. Akadondoshea mafuta kwenye ule ufa, akayaacha yajipenyeze, akaifuta bunduki nzima na kuipaka nta nyembamba ya makumbusho, ile iliyobuniwa katika maabara ya British Museum, inayokauka bila kunata vumbi. Tuliivalia glavu za pamba wakati wa kuirudisha kwenye rafu, kwa kuwa alama ya kidole chenye jasho juu ya buluu huweza kusomeka kwa kutu baada ya wiki chache.

Kadi ya zamani tuliibakiza faili. Mpya niliipiga chapa mimi, kwa maneno aliyonisomea: "Bunduki ya jeshi la Ureno, mfano wa 1904. Imetengenezwa Berlin. Buluu ya awali imebaki sehemu kubwa. Imechakaa chini kwa kushikwa. Kutu kidogo kando ya kitako, ikaguliwe kila masika. Isipigwe msasa. Isipakwe rangi."